Kliniki ya macho: daktari makini, mapokezi mazito
Nilifika katika kliniki hii jijini Dar es Salaam baada ya siku mbili za kuona miale kama ya radi pembeni mwa jicho la kushoto, hasa gizani, pamoja na vidoa vyeusi vilivyoelea kama mbu. Mapokezi waliniweka kwenye benchi saa tatu nzima, jambo lisilokubalika kwa dalili za namna hii, kwa kuwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyochanika huweza kubanduka na kumpofusha mtu.

Daktari, kwa upande wake, alistahili kila shilingi niliyolipa. Alinitia matone ya kupanua mboni, akamulika hadi kingo za retina, kisha akanieleza kwamba ute unaojaza jicho husinyaa kadiri umri unavyosonga na kuivuta retina, nayo huupokea mvuto huo kana kwamba ni mwanga. Aliuliza pia kuhusu kipandauso, maumivu ya kichwa ambayo nayo huweza kuleta miale machoni; mistari yake iliyopindapinda kwa kawaida huonekana kwa macho yote mawili na hutoweka ndani ya saa moja.

Retina yangu ilikuwa nzima. Nilitakiwa kurudi baada ya wiki nne, au siku hiyohiyo iwapo ningeona kivuli mfano wa pazia. Kuhusu kutoendesha gari baada ya matone, hakuna aliyenionya. Bahati nzuri nilikuja kwa bajaji.