SGR ya Kenya na ya Tanzania: ipi itafika bara kwanza?

Kwa kuwahi kujenga SGR, yaani reli mpya pana ya kisasa, Kenya imeshinda. Treni ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017, ya Dar es Salaam–Dodoma 2024. Lakini kuwahi si kufika. Baada ya kugusa Naivasha 2019, reli ya Kenya ilikaa hapo miaka, mkopo wa China wa kuisogeza hadi Malaba, mpakani na Uganda, ukikosekana. Kontena la kwenda Kampala hushushwa hapo kwa kreni kutoka behewa jipya, likapakiwa kwenye treni ya reli nyembamba ya mkoloni, au lori. (Hapo ndipo gharama inapoumuka.) Tanzania ilichelewa, ila treni yake ni ya umeme na hukimbia kilomita 160 kwa saa, ya Kenya, ya dizeli, 120. Mimi ningeweka dau kwa Tanzania, ingawa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, nayo bado inaisubiri reli hiyo.