Lc0 kwenye kompyuta ya kawaida: mwalimu mzuri wa chesi anayehitaji msaidizi

Lc0, ambayo jina lake kamili ni Leela Chess Zero, ni injini ya chesi, yaani programu ya kompyuta inayocheza na kuchambua chesi, huria na ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa kufuata njia iliyofunguliwa na AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind ya Google. Ninaitathmini kwa ajili ya mchezaji wa Dar es Salaam mwenye kompyuta mpakato ya kawaida ya Kariakoo, yenye RAM ya GB 8 na isiyo na kadi ya michoro ya kujitegemea, kwa kuwa ndiyo mashine ninayoitumia na vijana ninaowafundisha Sinza. Kwa maoni yangu hakuna injini inayofundisha vizuri kuishinda, ingawa haifai kuachiwa ukaguzi peke yake, na sababu za yote mawili zimo katika namna inavyoupekua mti wa mchezo, yaani hatua zinazowezekana na majibu yake yanayochipuka kama matawi.

Stockfish, injini nyingine mashuhuri ya chesi, hutumia njia iitwayo alfa-beta: huzama katika tawi moja hadi kina kilichopangwa, hurudi, hukata matawi yasiyoweza kubadili uamuzi, kisha huendelea na linalofuata. Lc0 hutanguliza tawi bora. Kila inapomaliza kupima mkao mmoja wa kete, huanza tena kwenye shina, yaani mkao unaochambuliwa, na kuchagua upya njia ya kushuka, ikizingatia matokeo ya tawi hadi sasa, maoni ya awali ya mtandao wa neva (sehemu ya injini iliyojifunza kukadiria ubora wa hatua na mikao) kuhusu hatua hiyo, na idadi ya mara ambazo tawi limekwisha kutembelewa. Wazo la kutanguliza tawi bora ni la zamani. Mwaka 1979 George Stockman alichapisha njia ya upekuzi iitwayo SSS* na Hans Berliner akachapisha nyingine iitwayo B*, lakini SSS* ilionekana kudai kumbukumbu nyingi mno, hadi Aske Plaat na wenzake walipoonesha katika miaka ya 1990 kwamba inaweza kuandikwa upya kama mfululizo wa miito ya alfa-beta yenye jedwali la kuhifadhi matokeo ya mikao iliyokwisha kupimwa.

Faida kwa mwanafunzi huonekana mara moja ukiiendesha Lc0 ndani ya Nibbler, programu ya kuonesha ubao ambayo huchora mishale ya hatua zinazofikiriwa pamoja na asilimia ya matembezi ya kila moja. Katika mchezo wa kijana mmoja, mshale wa kumsogeza askari wa safu ya h ulianza na matembezi machache, ukapanda polepole, kisha ukaupita mshale wa kubadilishana malkia ambao sote tuliuona wa kawaida. Kijana aliona kwa macho yake wazo likishinda wazo jingine, jambo ambalo namba ya tathmini peke yake haiwezi kumwonesha.

Kasoro yake kubwa inatokana na uteuzi huo huo. Mtandao ukiidharau hatua tangu mwanzo, matembezi hayaifikii upesi, na kafara ya malkia inayomkamata mfalme inaweza kukaa pembeni kwa muda mrefu huku Stockfish ikiwa imekwisha kuiona. Bila kadi ya michoro hali huwa ngumu zaidi, kwani mikao inayopimwa kwa sekunde hupungua sana. Ripoti ya AlphaZero ya Desemba 2017 ilitaja mikao 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za Stockfish, na hiyo ilikuwa kwenye mitambo maalumu ya Google. Lc0 ilishinda msimu wa 15 wa TCEC, mashindano ya injini za chesi, mwaka 2019, lakini Stockfish nayo iliongezewa mtandao wa neva mwaka 2020, na kwa hesabu za mbinu kali ndiyo ninayoiamini.

Anayetaka kuanza apakue mtandao mdogo wa neva, kwa sababu mikubwa hufikia mamia ya megabaiti, hula bando na huikwamisha mashine isiyo na kadi. Aweke pia kikomo cha kumbukumbu katika mpangilio wa Lc0 uitwao RamLimitMb kabla ya kuiacha ichambue usiku, kwa kuwa mti wote hukaa kwenye RAM na huendelea kukua; kikomo kikifikiwa, injini husimamisha upekuzi. Asubuhi asiifunge programu kabla ya kuupitia uchambuzi wake, kwani ukicheza hatua iliyomo ndani ya mti, Lc0 huendelea na tawi hilo pale ilipoishia, ilhali ukiifunga, kazi yote ya usiku hupotea.