Saa ya kupigia simu: katuni ya 1946 ilituficha nini?

Haya jamani, karibuni tena. Leo utangulizi mfupi, maana hii saa imenikera na bado naipenda, na sijui nianzie wapi. Ndiyo hii hapa, ione vizuri. Kioo cha duara, mkanda wa mpira, inahesabu hatua, inakuletea meseji. Hayo mnayajua, saa janja zote siku hizi zinafanya, turuke. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ukizunguka Kariakoo utaikuta saa hii hii na jina lingine kwenye boksi lingine.

Sasa angalieni boksi lenyewe. Kuna jamaa kapiga suti, kainua mkono hadi mdomoni, anaongea na saa kama mpelelezi. Picha hiyo ni ya zamani kuliko wengi wenu mnaotazama. Januari 1946 mchoraji wa Marekani, Chester Gould, alimvalisha mpelelezi wake wa katuni za magazetini, Dick Tracy, redio ya mkononi, anasikia na kujibu humo humo. Mwaka 1964 akamwongezea na televisheni. Halafu 1982 ikaja tamthilia ya Knight Rider, nyie wa kanda za video mnanielewa, yule bwana anaita gari lake kwa saa na gari linakuja. Watu wamekua na hamu hiyo. Haya, hamu imefika dukani, tuijaribu.

Nampigia dada yangu. Simu nimeiacha pale mezani, mnaiona. Natelezesha kidole, nagusa jina... inaita. Sauti yake ya kuita ni kubwa, hapo naipa alama. "Haloo?" Haloo dada, shikamoo. "Marahaba. Mbona kama unaongea ndani ya ndoo?" Mmesikia? Sijampanga. Ngoja niisogeze mdomoni. Dada, sasa je? "Sasa afadhali. Eti, ile hela ya mchezo unatuma leo au tukuruke?" Dada, tunarekodi hapa! "Rekodini, lakini hela itume."

Hiyo ndiyo shida yangu na hii saa, na ndiyo kitu katuni haikutuambia. Haina sehemu ya kuweka sikioni. Ni spika tupu, imefunguliwa, na kila aliye karibu anakula habari zako. Mpelelezi anaongea na makao makuu, mambo ya kazi, hana dada mwenye mchezo. Wewe uko kwenye daladala, umesimama, kondakta yuko kwapani, mwenye nyumba anapiga. Utapokea? Hupokei! Utaingiza mkono mfukoni utoe simu, na saa umeilipia.

Halafu ona huu mkono. Dakika ya kwanza unajiona staa. Ya pili kiwiko kinaanza kushuka, na kikishuka tu mwenzako anakwambia hasikii. Kwenye katuni huwezi kuona mkono ukichoka, mchoro haushuki.

Ngoja, bado sijamaliza, kamera nifuate. Dada usikate. Naacha simu mezani, natoka sebuleni. Unanisikia? "Nakusikia." Naingia jikoni, ukuta mmoja huo. "Unakatika." Natoka mlango wa nyuma... dada? Dada? Ndiyo hivyo, kimya. Saa imenyamaza, lakini huko mezani simu bado iko hewani na dada anaongea na kochi.

Kwa nini? Saa hii haipigi simu, inayopiga ni simu. Saa ni spika na maiki tu, zimeunganishwa kwa Bluetooth, na Bluetooth ya vifaa hivi hukadiriwa mita 10 hivi mahali pa wazi. Weka kuta za tofali hapo katikati, utapata pungufu. Na mchezo huu si mpya. Mwaka 1982 huo huo Seiko walitoa saa yenye televisheni Japani, ya kweli, si ya filamu. Kioo kidogo mkononi, picha inaonekana. Lakini kinachonasa matangazo kilikuwa kiboksi unakiweka mfukoni, na waya unapanda hadi kwenye saa. Miaka yote hii, tulichoondoa ni waya. Kiboksi bado kiko mfukoni!

Zipo zinazojitegemea, sikatai. Samsung walitoa saa-simu mwaka 1999, na Apple Watch ikapata toleo lenye mtandao wake 2017. Lakini kwa bei ya hizo za sasa nanunua simu nzuri na saa hii, na chenji inabaki.

Wenzetu wa chaneli fulani wameisifia hii, "sauti safi kabisa." Ukitazama video yao, simu iko pembeni ya kiwiko na mlango umefungwa. Sisemi wamelipwa. Nasema hawakunyanyuka.

Kuna hili la pili, sitalikawiza lakini lina hatari. Hapa wameandika inapima sukari ya damu. Kwenye Star Trek, ile tamthilia ya safari za anga ya 1966, daktari anapitisha kikopo juu ya mgonjwa, majibu yanatoka, nasi tukaamini. Saa hizi zina taa ya kijani chini, mnaiona inavyowaka, inasoma damu inavyopita kwenye ngozi, na mapigo ya moyo inayakadiria vizuri tu. Sukari? Nimeifunga kwenye ndizi mzuzu, hii hapa. Subirini... mapigo 71, sukari "kawaida." Ndizi haina moyo, jamani! Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari akipanga insulini kwa namba hizi anaweza kupoteza maisha. Mzee wako mnunulie kipimo cha kutoboa kidole.

Bei: mimi nilitoa shilingi 45,000, na nasikia imeanza kupanda tangu hizo video za sifa zitoke. Kwa elfu 30 ningesema chukua, kwa meseji na hatua tu, na simu ukiwa unaendesha pikipiki umesimama pembeni. Hapo kwa kweli inasaidia, ndiyo maana sijairudisha. Kwa 45,000, aah, subiri kidogo.

Jumamosi usiku niko mubashara, maiki mpya imefika. Ambaye hajajiunga ajiunge, gonga kengele, na niandikie hapo chini umeuziwa shilingi ngapi na duka la mtaa gani, nitasoma zote.