Matone ya "seli shina" niliyomnunulia mama
Nilinunua chupa mbili kwenye duka moja Mwanjelwa, sh. 40,000 kila moja. Muuzaji aliniapia kabisa kwamba seli shina zilizomo, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa seli nyingine, zinayeyusha mtoto wa jicho. Mwezi mzima namtia mama asubuhi na jioni. Ukungu uko palepale, macho yamekuwa mekundu, na kikombe cha chai bado anakitafuta kwa kupapasa meza. Inaniuma sana. Holoclar, tiba ya kweli ya seli shina iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015, hukuzwa kutokana na seli za jicho la mgonjwa mwenyewe, tena ni kwa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) iliyoungua kwa moto au kemikali. Haikai kwenye kichupa dukani! Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, ukawekewa lenzi mpya. Chupa ya pili sijaifungua. Jumatatu nairudisha, kisha nampeleka mama kliniki ya macho.