Stendi ya Tangi la Samaki kwenye Sakafu ya Mbao: Ipi Ununue

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 huchukua takriban lita 240. Ongeza kioo, changarawe, mawe na stendi yenyewe, unafika kilo 300 au unazipita. Mzigo huo utakaa palepale miaka, na mbao zilizolemewa muda mrefu hupinda polepole hata kama siku ya kwanza hazikulia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, jua boriti za sakafu, yaani mbao nene zinazoibeba sakafu kwa chini, zinaelekea wapi. Mistari ya misumari kwenye mbao za juu itakuonyesha. Tangi likizikatisha boriti, tena karibu na ukuta unaoshika ncha zake, mzigo hugawanyika kwa boriti kadhaa. Likikaa sambamba nazo katikati ya chumba, huenda boriti moja ikabeba karibu kila kitu. Hili halina gharama, na kwangu linashinda stendi yoyote ya dukani.

Namba moja naiweka fremu ya mbao imara iliyotengenezwa na fundi, yenye kitako kinachogusa sakafu kwa urefu wote. Angalia jambo moja tu: fremu ya juu ikalie nguzo, isining'inie kwenye skrubu. Kitako kirefu huutawanya uzito, na mbao ukizipaka vanishi vizuri hazitasumbuliwa na matone.

Ya pili ni chuma cha bomba la mraba kilichochomelewa. Kwa nguvu hakina mpinzani, ila hii ya miguu minne midogo ndiyo inayoniudhi: kilo 300 kwa miguu minne ni kilo 75 kila mguu, juu ya eneo dogo kama kiganja. Mwambie fundi achomelee reli mbili ndefu chini badala ya miguu, apake na rangi ya kuzuia kutu. Ikiwa hivyo, iko sawa na ya kwanza.

Kabati linalouzwa pamoja na tangi ni la tatu. Linafaa kwa saizi lililoundiwa, lakini mengi ni ya mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ambazo zikilowa kwenye kingo huvimba. Kagua kama lina nguzo ya katikati.

Meza ya televisheni siipangi kabisa.

Plaiwudi ya milimita 18 chini ya stendi? Nunua, hasa kama kuna miguu, maana inapunguza kubonyea kwa mbao za juu. Lakini haiongezi nguvu ya boriti hata kidogo. Kinachoiongeza ni boriti ya kukatisha chini ya sakafu, ikishikwa na nguzo za chuma za kurekebisha urefu zilizosimama juu ya zege, si juu ya udongo mtupu. Sakafu ikitikisika ukipita tu, mwite mhandisi kabla ya hayo yote.

Ukishaweka tangi, jaza nusu, pima kwa pimamaji, liache hadi kesho yake, upime tena. Likiwa limeinama, litoe maji kwanza, kisha ingiza vipande vya kusawazisha chini ya stendi, kamwe si kati ya stendi na kioo.