Pawa baa ya nusu inchi kutoka Gerezani, Dar es Salaam: pini laini kuliko msumari

Nitoe hukumu kabla hasira haijapoa: nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Ni pawa baa, yaani mpini mrefu wa kulegeza nati ngumu, yenye mraba wa nusu inchi wa kushika boksi, urefu inchi 24, mpini wa chuma kitupu, kichwa cha kukunja. Nati iliyoishinda ni ya ekseli ya mbele ya Corolla NZE, boksi (soketi) namba 30. Si nati ya trekta. Kiwandani inafungwa kwa Nm 216 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), maana yake ukiwa na mpini wa sentimita 60 unahitaji kilo 37 hivi zikining'inia mwishoni. Mtoto wa darasa la saba anatosha. Haya, tuongeze kutu ya pwani, tuseme nati imeng'ang'ania mara mbili ya hapo: kilo 73. Mtu mzima mmoja, bila bomba la kurefusha mpini, bila msaidizi.

Nati haikusogea hata unywele. Kilichosogea ni kichwa. Kililia "tk" kidogo tu, kikalala upande, na mpini ukanishukia gotini.

Nilipoisafisha grisi nikaona ugonjwa. Pini imepinda kama ndizi ndani ya tundu lake, sikio moja limefunguka kama mdomo wa samaki, na tundu lililokuwa duara limekuwa yai. Nilipitisha fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi nyembamba, kwenye sikio la pili, lile ambalo halikuguswa na ajali: milimita 1.2 za hewa tupu kati yake na ulimi wa kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake tangu dukani.

Nieleze kwa nini hewa hiyo ni kosa kubwa, maana wengi hudhani pini ndiyo inayobeba kazi. Haipaswi. Kichwa kina ulimi unaoingia katikati ya masikio mawili ya mpini, na pini inapita kuvishikilia. Unapovuta, ulimi unataka kugeuka ndani ya masikio. Ukiwa umekaa kwa kubana, ubavu wake unaegemea sikio zima, mzigo unasambaa, na pini inabaki kuwa bawaba tu. Ukiwa unacheza, ulimi unakaa mshazari, unagusa kwa kona, kona inasukuma sikio nje, na pini ndiyo inayopindwa katikati. Ukiweka na pini ya chuma laini, ambayo hii ilikuwa nayo (tupa iliila kama inakula msumari wa bati), basi umenunua bawaba ya mlango kwa bei ya kifaa.

Sasa muuzaji. Hakuishika hata kwa mkono. Aliitazama ikiwa juu ya kaunta, akasema, "Kaka, hapo ulitia bomba."

Nikamwambia sijatia.

"Basi ulikuwa unafungua meli."

Wateja wawili wakacheka. Kisha akanigeuzia risiti na kidole kikatua kwenye mstari wa chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe haikuandikwa hata jina la nilichonunua. Imeandikwa "vifaa".

Suala la bomba nalijibu hapa, kwa kuwa kaunta sikupewa nafasi. Mipini ya nusu inchi iliyotengenezwa kwa kufuata viwango hupimwa kiwandani kwa kiasi cha Nm 500 bila kuharibika. Mimi nina kilo 78. Nikizining'iniza zote mwishoni mwa sentimita 60 napata Nm 459. Yaani hata ningelala juu yake ilitakiwa inivumilie. Ningetia bomba la kufikisha mita 1.2, nguvu ingepanda hadi Nm 918, na hapo hata pawa baa ya jina kubwa ina haki ya kukatika na muuzaji ana haki ya kunicheka.

Ila kuna jambo ambalo sikulisema pale, na uzoefu usiosema kweli hauna faida kwa msomaji. Nilirukaruka. Kidogo. Mzigo unaotua ghafla hukaza chuma karibu mara mbili ya mzigo uleule ukiwekwa taratibu, na ukiuangusha kutoka juu unazidi hapo. Kwa hiyo zile Nm 459 zangu, kwa muda wa kufumba jicho, huenda zilikaribia 900 bila bomba lolote. Nikiwa mkweli, pawa baa hii inastahili nyota ya pili.

Hapana, subiri. Pawa baa iliyochongwa kwa akili hufia kwenye mraba, ule wa milimita 12.7 unaoingia kwenye boksi, kwa sababu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote zinazopaswa kubeba mzigo. Tena chuma kizuri hujisokota kwanza kama kamba kabla ya kukatika, unapata onyo. Chuma kibovu kilichogumishwa kwa moto kupita kiasi hukatika kama biskuti, na ukitazama pale kilipokatika unaona chembechembe zinameta kama chumvi ya mawe. Hii yangu mraba wake haukupinda hata nywele moja. Kona zote nne bado zina makali. Pini ilikufa kabla mraba haujajua kuna kazi. Kwa hiyo niruke nisiruke, ingekufa tu siku yoyote. Nyota ya pili nairudisha mfukoni.

Kwa anayekwenda kununua, kazi kubwa inafanyika palepale kaunta na haichukui dakika tano. Kunja kichwa kiwe pembe mraba na mpini, shika mraba kwa vidole, ukisukume kushoto na kulia. Kisikike kimekaa. Kisha toa kadi ya benki, jaribu kuingiza kona yake kati ya ulimi na sikio. Kadi ina unene wa milimita 0.76, ikipita, mrudishie mwenyewe na usisikilize maelezo. Kichwa kibaki pale unapokiacha, kisianguke chenyewe kama shingo ya kuku aliyechinjwa, maana kikilegea hivyo kitakutoka kwenye nati ukiwa umeinama chini ya gari.

Tazama pini pande zote mbili. Iliyofungwa kwa skrubu au klipu unaweza kuibadilisha. Iliyopondwa kwa nyundo kama ribiti ni ndoa ya kikatoliki. Tembeza kidole kwenye mraba: kona zisiwe za mviringo, na ile goroli ndogo ya kushikia boksi irudi yenyewe ukiibonyeza. Maandishi ya Cr-V yapuuze. Chromu na vanadi ni mchanganyiko mzuri kweli, lakini herufi tatu hugongwa na yeyote mwenye stempu. Hali kadhalika ukisoma jina la nchi ya Ulaya bila jina la mtengenezaji. Jaribio la tupa ndilo lingekupa jibu la haraka, tupa ing'ate kwa shida kidogo, isizame wala isiteleze kama kwenye kioo, ila sijaona muuzaji atakayekuruhusu upige tupa bidhaa yake.

Mpini wenye mpira ni mzuri kwa picha. Mafuta ya injini yakiingia ndani ya ule mpira unavuliwa kama soksi, kwa kawaida ukiwa umevuta kwa nguvu zote. Chuma kitupu chenye michirizi ndicho changu, na hapo bidhaa hii sina ugomvi nayo.

Urefu ndio unaowadanganya wengi. Utaona za nusu inchi zenye mita nzima, na mkono unazipenda. Fanya hesabu: kilo 78 mwishoni mwa mita moja ni Nm 765, kwenye mraba unaotarajiwa kuvumilia 500. Urefu huo umeshakuwa bomba, tofauti ni kwamba limeunganishwa kiwandani. Kwa gari dogo inchi 24 inatosha. Ukigusa Canter au Fuso, nenda robo tatu ya inchi. Mraba wa milimita 19 dhidi ya 12.7 unaonekana umezidi kidogo, lakini uimara wa kusokotwa unapanda kwa mchemraba wa upana, hivyo una nguvu mara tatu na ushee. Na kwenye hao Wajapani wakubwa, angalia kwanza herufi kwenye bolti za magurudumu. Mengi ya upande wa kushoto yana alama ya L: uzi wa kinyume, unafunguliwa kwa kuzungusha kama mishale ya saa. Nimeona bolti zikikatwa na watu waliokuwa wanakaza kwa bidii wakidhani wanafungua, na lawama ikaenda kwa pawa baa.

Turudi kwenye nati ya ekseli, kwa sababu pawa baa nyingi zinazokufa zinauawa na maandalizi mabovu. Ukingo wa nati hii hupondwa ukaingia kwenye mfereji wa ekseli ili isijifungue. Usipouinua kwa tindo nyembamba na nyundo, unashindana na chuma kilichokunjwa, si na uzi, na ukifanikiwa utatoka na uzi wa ekseli. Uinue wote hadi uone mfereji mtupu. Piga mafuta ya kupenya, ngoja walau nusu saa, gonga uso wa nati nyundo kadhaa, piga tena. Anayechanganya hydrauliki ya gia na asetoni nusu kwa nusu hajakosea, inapenya vizuri, mradi asilete moto karibu.

Gurudumu liwe chini, gari iwe kwenye gia au P, handibreki juu, mtu akanyage breki. Boksi iwe ya pembe sita na yenye ukuta mnene; ile ya meno 12 inashika kona tu, na nati yenye kutu inaviringwa ukiangalia. Boksi izame hadi mwisho. Ukilazimika kuweka ekstensheni, kile kipande cha kurefushia boksi, jua kwamba haili nguvu kama wanavyosema vijiweni. Inachofanya ni kujisokota na kuinamisha boksi, kwa hiyo weka stendi chini ya kiungo chake ibaki imenyooka na nati. Mpini uelekeze kushoto, ulale usawa wa ardhi, kisha shusha uzito taratibu. Jaribu kwanza kukaza kidogo, kiasi cha kuvunja kutu, ndipo ufungue. Ikigoma, rudi kwenye mafuta. Usiruke. Ndiyo, nimejisema.

Nati ikilegea usiisukume gari hata mita moja, beringi inaharibika. Na wakati wa kurudisha, weka nati mpya, tumia toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 216, uponde ukingo upya. Pawa baa si ya kukazia.

Nimekaa na kile chuma wiki kadhaa nikikitazama kwa chuki, mwisho nikakipeleka kwa fundi wa leiti, mashine ya kuchonga chuma. Tulinyoosha sikio kwa moto na vaisi, tukatoboa tundu upya liwe duara, akachonga pini kutoka kwenye shingo ya bolti ya alenki yenye alama 12.9 (daraja la chuma kigumu sana), ile sehemu isiyo na uzi, na tukaweka washa nyembamba mbili za chuma kigumu kujaza ile hewa pande zote za ulimi. Gharama haikufika hata robo ya bei ya kifaa. Nati ya Corolla ikafunguka kwa mvuto wa kwanza, mkono mmoja na nusu. Tangu hapo imefungua bolti za shokapu za Hiace na puli ya krenki, na mpini wake, niseme tu, haujapinda hata kidogo. Mpini ni mzuri sana. Yaani mtu alitengeneza chuma kizuri hivi, akashindwa kuweka pini.

Nyota tatu kwa mpini. Mbili ukiweka na pini. Muuzaji mimi simpi hata hiyo moja, na fundi wa leiti nimeshamwambia achonge pini ya pili, ikae ya akiba kwenye boksi la vifaa.