Bima ya safari ukienda Juba au Goma: uzoefu wangu na kifungu cha vita

Bima ninayoipitia hapa ni ile ya safari inayokatwa Kampala kwa siku chache, anayoikata mfanyabiashara wa Kikuubo anayepeleka mzigo Juba au mtu anayepitia Kisoro kwenda Goma. Nimeitumia katika njia zote mbili. Kwa maradhi na ajali ya barabarani inastahili pesa yake. Kwa vita haina kitu, mpaka uombe nyongeza ya hati ya bima na uipate kwa maandishi. Hilo hulioni kwenye cheti cha ukurasa mmoja unachotumiwa kwenye simu ukishalipa. Liko kwenye kitabu cha masharti, na mawakala wengi hawakupi kitabu hicho usipokidai.

Kidai kabla hujalipa, kisha fungua moja kwa moja sehemu ya mambo yasiyofidiwa. Utakuta sentensi ndefu inayotaja vita viwe vimetangazwa au la, uvamizi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, uasi, mapinduzi. Wengi husoma orodha hiyo na kuishia hapo, kumbe neno zito liko mwanzoni: hasara inayotokana na mambo hayo "moja kwa moja au kwa namna nyingine yoyote". Kwa maneno hayo, si lazima risasi ikupate. Basi likikwepa mapigano, likaingia njia ya vumbi na kupinduka, kampuni ina mlango wa kusema chanzo cha ajali ni vita.

Nyongeza unayotaka ni ile ya mtu asiyeshiriki vita. Inarudisha matibabu, na mara nyingine fidia ya kifo, kwa msafiri aliyekutwa na mapigano bila kuyatarajia. Ina mipaka miwili. Kwanza ni muda: kwa kawaida siku 7 au 14 tangu mapigano yaanze, na ndani ya siku hizo unatakiwa uwe umeondoka. Pili, vita visiwe vimeshaanza ulipoingia nchi hiyo. Kwa hiyo Juba ikichafuka ukiwa tayari hotelini, nyongeza inaweza kukufaa. Kwa Goma haikufai. Waasi wa M23 waliishika Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, Juni 2022 na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Anayekata bima leo anakwenda kwenye jambo linalojulikana, na hakuna kampuni ya kawaida itakayokubali kwamba alishtukizwa. Ukilazimika kwenda huko, mwambie dalali wa bima akutafutie bima maalumu ya maeneo ya vita, ile wanayokatiwa waandishi wa habari na wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Ni ghali, na mara nyingi huuzwa kwa wiki.

Muulize wakala pia ni tahadhari ya serikali gani inayohesabiwa. Usidhani ni ya Uganda. Sehemu kubwa ya hatari hizi hubebwa na kampuni za bima mtawanyo za nje, yaani zile zinazozikatia bima kampuni zetu za bima, kwa hiyo hati nyingine hutaja tahadhari ya Uingereza au ya Marekani. Wakisema raia wao wasisafiri kwenda mahali fulani, nawe Mganda bima yako inaweza kusimama mahali hapo. Chapisha ukurasa wa tahadhari siku ya kulipa, tarehe ionekane. Baadaye wakidai hali ilishajulikana, karatasi hiyo ndiyo jibu lako.

Barabara ya Nimule kwenda Juba, kilomita 192 za lami, inahitaji maelezo yake peke yake. Magari yameviziwa mara nyingi kwenye barabara hiyo, na madereva wetu wameuawa. Kwa kampuni ya bima, ujambazi ni jambo moja, uasi ni jambo lingine: ujambazi hati nyingi huulipia, uasi hazilipii. Kwa hiyo dai lako linategemea sana sentensi mbili tatu za ripoti ya polisi. Eleza ulichokiona: watu wangapi, silaha gani, walichukua nini, walisema nini. Usiongeze ulichosikia garini kwamba ni waasi wa fulani. Afisa akiandika "waasi" kwa kusikia tu, mwombe kwa heshima aandike "watu wenye silaha wasiojulikana", ikiwa kweli hujui ni akina nani. Ripoti iwe na muhuri, tarehe, jina la kituo na namba ya jalada. Isome kabla hujatoka kituoni, maana kuirekebisha ukiwa umesharudi Elegu, upande wetu wa mpaka, ni kazi ngumu mno.

Kwenye cheti kuna mstari wa kuhamishwa kwa dharura, na akina mama wanaopandia basi Arua Park huuamini wakidhani bima itawatoa mjini kukichafuka. Sivyo. Kuhamishwa huko ni kwa mgonjwa au majeruhi, tena daktari aandike kwamba hospitali ya pale haiwezi kumtibu. Mtu mzima wa afya anayekimbia risasi hayumo. Julai 2016 Juba ilipolipuka, Waganda wengi waliondolewa na msafara wa jeshi letu, UPDF, uliotumwa kwenda kuwachukua. Ukitaka kuondolewa kwa sababu ya usalama, tafuta kifungu kinachosema hivyo waziwazi, na kionyeshe dola ngapi.

Hata kwa mgonjwa, ndege inahitaji uwanja. Uwanja wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa, na mgonjwa akalazimika kusafirishwa kwa gari, kupitia Gisenyi upande wa Rwanda au Bunagana. Basi uliza kama hati inalipia gari la wagonjwa kuvuka mpaka, au ndege tu. Benki za Goma nazo zilifungwa. Hapo hata barua ya dhamana kutoka kampuni ya bima haina kazi, hospitali inataka dola mkononi. Utalipa mwenyewe na kudai baadaye, kwa risiti yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ugonjwa, na kila dawa na bei yake. Risiti iliyoandikwa "matibabu" na jumla peke yake hurudishwa. Pia, kodi au ada uliyowalipa M23 usiiweke kwenye dai. Wako chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na hati nyingi zina kifungu kinachoizuia kampuni kurudisha malipo ya aina hiyo.

Namba ya dharura iandike kwenye karatasi ndani ya pasipoti, kwa sababu laini ya Uganda inaweza kukata ukishaingia ndani. Piga kabla ya kulazwa, au ndani ya saa 24 kama hali haikuruhusu. Taja namba ya hati, uliko, hospitali na simu ya daktari. Usikate simu kabla ya kupewa namba ya dai, kisha tuma ujumbe wa maandishi wa yale yale uliyoyasema.

Jambo dogo linaloharibu madai mengi ni muhuri wa mpakani. Ukivuka Katuna au Busia kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti haigongwi, na kampuni inataka ushahidi wa siku uliyotoka na kurudi. Omba karatasi ya kuvukia, itunze, na tiketi ya basi usiitupe.

Kwa wanaopitia Doha au Dubai, anga la Qatar lilipofungwa tarehe 23 Juni 2025, chanzo kilikuwa vita, kwa hiyo kifungu kile kile kiliweza kuzuia fidia ya kucheleweshwa. Anza na shirika la ndege: tiketi mbadala au pesa yako, na barua inayoeleza sababu na saa ulizochelewa. Na ile bima ya viza ya Schengen, ya kuingia Ulaya, yenye kiwango cha chini cha euro 30,000, soma nchi zilizoandikwa juu yake kabla hujaitegemea Juba.

Dai likikataliwa, taka barua inayotaja namba ya kifungu walichokitumia. Wajibu kwa maandishi kwanza. Wakishikilia, peleka malalamiko kwenye mamlaka inayosimamia bima Uganda, IRA, ukiambatanisha kitabu cha masharti, barua ya kukataliwa na ripoti ya polisi. Wape nakala. Hati halisi zibaki kwako.